Trekta Likizima Shambani, Anzia Kwenye Tangi

Mvua za kwanza zikikaribia Nyanda za Juu Kusini, swali ni lilelile kutoka Ismani hadi Uyole, kutoka Mafinga hadi Ubaruku. Trekta kuukuu linawaka vizuri asubuhi, linapiga mizunguko miwili mitatu ya kulima, linaanza kumisi, linazima. Likipumzishwa linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno, kisha linarudia yaleyale. Wanaouliza huwa wameshapewa jibu na mtu: kabureta imekufa, au pampu imechoka. Kilichobaki ni kujua wapeleke wapi fedha.

Makala haya yana jibu moja, na yatalitetea hadi mwisho. Usiiguse pampu mpaka uwe umethibitisha kwa macho yako kwamba dizeli safi, isiyo na upepo, inaufikia mlango wa pampu hiyo kwa wingi unaotosha. Uthibitisho huo hauhitaji mashine. Unahitaji spana chache, dumu safi, mpira wa mafuta wa mita mbili na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani.

Kwa nini pampu iwe ya mwisho

Anayesema kabureta amekosea mashine. Massey Ferguson 135, 165, 240 na 290, Ford 5000, Valmet zilizounganishwa Kibaha, na zile Farmtrac na New Holland zilizokopeshwa kupitia SUMA JKT kuanzia 2010, karibu zote unazokutana nazo mashambani Mbeya na Iringa ni za dizeli. Hazina kabureta wala plagi. Pampu hupima dizeli na kuisukuma kwa nguvu kubwa hadi kwenye nozeli, nozeli huipuliza ndani ya silinda kama ukungu, nayo huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kosa hili lingekuwa la kuchekesha tu kama lisingeleta hasara. Kabureta unaweza kuifungua chini ya mti, ukaipuliza na kuifunga, na jioni ukawa unalima. Ukiifanyia pampu hivyo umeiua.

Sababu iko kwenye utengenezaji wake. Vyuma vya ndani vya pampu vimesagwa na kuachiana nafasi ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Punje moja ya vumbi la Usangu ikiingia pale, inakwaruza. Zaidi ya hayo, pampu ya CAV DPA, ambayo imefungwa kwenye injini nyingi za Perkins za Massey Ferguson, haina oili yake. Inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Kwa hiyo dizeli yenye maji au mchanga inailisha injini vibaya na wakati huohuo inaila pampu. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama: hata pale ambapo pampu imekufa kweli, aliyeiua mara nyingi yuko nyuma yake, kwenye tangi, kwenye mpira au kwenye filta. Ukinunua pampu nyingine na kuifunga kwenye tangi lilelile, umenunua msiba wa pili.

Utasema pampu nazo huchoka. Ni kweli, na zina dalili zake. Pampu ya DPA iliyolika huwasha injini vizuri ikiwa baridi, na ukishaanza kulima hailalamiki sana, ila ukizima trekta likiwa na moto halitaki kuwaka tena mpaka lipoe. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi na kuvujia ndani ya pampu, na mzunguko wa stata ni wa polepole mno kufidia uvujaji huo. Tofautisha hali hiyo na ya trekta linalojizimia lenyewe katikati ya mzigo. Hilo la pili lina njaa, na njaa hutokea kabla ya pampu.

Kabla hujashika spana

Kuna mambo ambayo fundi anayelipwa kwa kazi kubwa anaweza kuyaruka kwa sababu hayana malipo. Yatazame wewe mwenyewe kwanza:

- Waya wa kuzimia. Ukiwa na kutu haurudi wote, na mkono wa kuzimia kwenye pampu hubaki umefunga nusu. Usukume mkono huo kwa kidole mpaka ufunguke wote.
- Koki ya tangi. Ifungue yote, si nusu.
- Kiasi cha dizeli. Geji ya trekta kuukuu si ya kuaminiwa. Chomeka kijiti safi. Kwenye miteremko ya Kilolo mafuta yakiwa machache hukimbilia upande mmoja wa tangi na kuliacha tundu la kutokea likinyonya upepo.
- Kijiti cha oili ya injini. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, simamisha kazi papo hapo. Diaframu ya pampu ndogo ya kuvutia mafuta imepasuka, au sili ya pampu kubwa, ile inayolisha nozeli, inavujisha, na dizeli inashuka kwenye sampo. Oili iliyochanganyika na dizeli huua beringi za injini, na hiyo ni gharama ya ovaholi nzima.
- Mfuniko wa tangi.

Huu wa mwisho unahitaji maneno zaidi. Mfuniko halisi una tundu dogo la kupitisha hewa, kwa sababu kila lita inayotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Tundu likizibwa na tope, tangi hujikaba lenyewe na dizeli inagoma kushuka. Mfuniko ukipotea, watu hufunga nailoni na kamba ya mpira, na matokeo ni yaleyale. Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote: trekta likianza kufa, legeza mfuniko. Ukisikia mlio wa kuvuta hewa na injini ikarudisha nguvu, umemaliza kazi bila kumlipa mtu.

Soma dalili kabla ya kubahatisha

Injini inayokufa taratibu, ikishusha nguvu kidogo kidogo na kuwaka tena baada ya mapumziko, imekosa mafuta ya kutosha. Kuna kitu kimeziba, na ikipumzika dizeli inachuruzika polepole mpaka filta inajaa tena. Injini inayolala nzuri na kuamka ikikataa kuwaka, ikawaka tu baada ya kutolewa upepo, ina mahali inapovuta hewa au panaporudisha dizeli nyuma usiku. Injini inayotulia kwenye sailensa lakini inakata pumzi plau ikizama ina filta iliyojaa au pampu ndogo iliyodhoofu. Inayogonga na kumisi kwa mpangilio uleule, silinda moja tu, ina nozeli mbovu. Moshi mweupe asubuhi ni dizeli isiyoungua, na ukiendelea mchana kutwa shuku maji au nozeli. Moshi wa bluu ni oili, na hilo si suala la makala haya.

Dalili zinaweza kuchanganyika, hasa kwenye trekta lililokaa bila kazi tangu mahindi yapukuchuliwe. Ndiyo maana dalili peke yake haitoshi kumpa mtu ruhusa ya kufungua chochote. Inakuonyesha pa kuanzia kupima, basi.

Kipimo cha dumu

Kama kuna jambo moja la kukumbuka hapa, ni hili. Ukitaka kujua kama ugonjwa uko kwenye tangi au mbele yake, liondoe tangi kwenye hesabu.

1. Tafuta dumu safi la lita tano, ulijaze dizeli mpya iliyochujwa, na utoboe mfuniko wake tundu dogo la hewa.
2. Lifunge imara juu ya kiwango cha injini, mbali na ekzosi. Lisiwe la kushikwa mkononi.
3. Fungua mpira unaoingia kwenye pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ile yenye kikono cha kupampu kwa kidole, na mahali pake uunge mpira wa dumu lako kwa klipu.
4. Toa upepo kwa mpangilio ulioelezwa chini, washa, kisha lima kwa muda uleule ambao kwa kawaida hutosha trekta kuzima.

Likilima bila kusumbua, ugonjwa uko kwenye tangi, koki au mpira wa kutoka kwenye tangi. Likizima vilevile, hamishia mpira wa dumu kwenye mlango wa filta ili kuiruka pampu ndogo. Likipona hapo, pampu ndogo ndiyo mgonjwa: diaframu, vali zake, au kijichujio cha wavu kilichomo ndani, ambacho watu husahau kama kipo. Lisipopona, weka filta mpya kisha ujaribu tena. Ni baada ya hapo tu pampu kubwa inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Angalizo moja: usiruke filta hata kwa dakika moja. Kuingiza dizeli moja kwa moja kwenye pampu kubwa ili kujaribu tu ndiyo njia ya haraka ya kuleta ule ugonjwa uliokuwa ukiuogopa.

Wapo watakaosema mvua imeshanyesha, wateja wa kulimiwa wanasubiri, na hakuna muda wa majaribio ya madumu. Hesabu hiyo ina kasoro. Kipimo hiki, hata ukikifanya kwa uangalifu wote, ni kazi ya asubuhi moja. Pampu ikishatolewa inasafiri hadi kwa fundi pampu mjini, inasubiri zamu, inasubiri vipuri, inarudi. Na kama kosa lilikuwa mpira uliolika, itafungwa na trekta litazima palepale lilipozimia.

Kutoa upepo kwa mpangilio

Dizeli haibonyei, upepo unabonyea. Pampu ikisukuma mchanganyiko wa viwili hivyo, nguvu yote inaishia kwenye kubonyeza upepo na nozeli haifunguki. Mahali pa kushuku ni mipira iliyopasuka kwenye klipu, washa za shaba zilizotumika mara nyingi, na oringi za filta. Kumbuka kwamba sehemu inayovuta upepo huenda isidondoshe dizeli wakati injini inanguruma, kwa kuwa inanyonya kuingia ndani. Zima, subiri, kisha pitisha kidole chini ya kila kiungo utafute unyevu.

Mpangilio kwa injini za Perkins zenye pampu ya DPA ni huu, na haufai kupinduliwa kwa sababu upepo unafukuzwa kutoka tangini kwenda mbele:

1. Jaza tangi, fungua koki, futa vumbi kwenye viungo vyote utakavyogusa.
2. Legeza bolti ya kutolea upepo juu ya filta. Pampu kwa kikono mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kaza ikiwa bado inatoka.
3. Rudia kwenye skrubu za pampu kubwa, ya chini kwanza, ya juu baadaye.
4. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, sukuma akseleta mpaka mwisho, piga stata mpaka dizeli ichomoze. Kaza, washa.

Kikono kikiwa kimelegea na hakisukumi chochote, usiseme pampu ndogo imekufa. Inawezekana kamu ya injini imesimama mahali ilipoibana diaframu. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kama kumi na tano mfululizo. Ipumzishe, la sivyo utamaliza betri na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Na jambo ambalo limezoeleka mno: kumwaga petroli au kuweka kitambaa kilicholoweshwa petroli kwenye mdomo wa hewa ili injini ishtuke. Petroli huwaka kabla ya wakati wake ndani ya injini ya dizeli, pistoni na ringi hupigwa vibaya, na kwenye injini zenye kipasha moto cha kuwashia asubuhi za baridi moto unaweza kurudi nje usoni kwa aliyeshika kitambaa. Hakuna shamba linalostahili hilo.

Filta, na kosa la kuiosha

Filta ya karatasi haioshwi. Sentensi hiyo ina wapinzani wengi, na hoja yao ni kwamba baada ya kuoshwa kwa petroli na kupulizwa, trekta linapata nguvu. Linapata, kweli. Lakini limepata nguvu kwa sababu karatasi imetanuka au imetoboka, na sasa inapitisha kile ilichowekwa ikizuie. Uchafu uliokuwa umekwama kwenye filta umeupeleka kwenye pampu kwa mkono wako. Tofauti ya bei kati ya filta na pampu ni kubwa kiasi kwamba hata ukibadilisha filta mara mbili kila msimu kwa miaka mingi bado umeokoa.

Unapobadilisha, badilisha na oringi zote zinazokuja na filta, pamoja na ile ndogo ya katikati ambayo mafundi wengi huiacha ya zamani kwa kuwa haionekani. Hiyo ndogo ikivuja, unavuta upepo na utaitafuta wiki nzima. Vitabu vya injini hizi hutaja muda wa saa 400 hadi 500 za kazi, lakini waandishi wake walikuwa na dizeli ya kituoni iliyomiminwa moja kwa moja kwenye tangi. Anayetumia dizeli ya mapipa na madumu, kwenye vumbi la Ismani au Mbarali, abadilishe kabla ya msimu wa kulima na tena katikati yake.

Kuhusu filta feki, malalamiko ni ya haki. Linganisha na ya zamani kabla ya kulipa: urefu, idadi ya mikunjo ya karatasi, ugumu wa oringi, gundi kwenye kingo. Filta nyepesi kupita kiasi ina karatasi kidogo. Muuzaji akikataa usilifungue boksi, kuna duka la jirani.

Dizeli inaharibikia nyumbani

Mtu akiambiwa dizeli yake ni chafu, jibu la kwanza huwa kwamba ameinunua kituo kinachoaminika. Huenda ni kweli. Tangu 2010 EWURA iliposimamia uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011 ili uchakachuaji usiwe na faida, kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kituoni kumekuwa na hatari zaidi kwa anayefanya. Lakini vinasaba havifuati dizeli hadi uani kwako. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara kuu haina wa kukuhakikishia chochote, na mafuta ya taa ndani yake huondoa ule ulaini unaoilinda pampu. Macho hayawezi kuyaona. Maji na mchanga, hayo unaweza kuyaona.

Chota dizeli kutoka chini kabisa ya tangi, ijaze kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, iache usiku kucha bila kutikiswa. Maji yatakaa chini kwa mstari ulio wazi, mchanga chini yake. Ukiona utando mweusi wenye utelezi kati ya maji na dizeli, hao ni vijidudu wanaoota pale viwili hivyo vinapokutana, na watarudi kuziba filta mpaka tangi lisafishwe lote.

Maji yanatoka wapi? Tangi lililoachwa nusu kwenye baridi ya Juni na Julai huko Mufindi hutoa umande kwa ndani, hivyo lijaze jioni. Chanzo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni pipa la lita 200 lililosimamishwa uani. Mvua hutuama juu yake, ndani ya ukingo, na usiku pipa likipoa hunyonya maji hayo kupitia nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Lilaze ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, ili dizeli yenyewe ivifunike kwa ndani na hewa isivute maji. Ukilisimamisha ili kuchota, liache litulie siku nzima kwanza, wala usinyonye mpaka tone la mwisho. Usihifadhi dizeli kwenye chombo cha mabati ya zinki, maana dizeli hula zinki na kutengeneza mabaki yanayoziba nozeli.

Moshi mweusi wa Uyole

Trekta lililofanya kazi vizuri bondeni Usangu, kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,000, likipandishwa Uyole karibu na mita 1,800 hutoa moshi mweusi zaidi na kuonekana limelegea. Hakuna kilichoharibika. Ukilinganisha na Dar es Salaam, takribani humusi moja ya hewa imepungua, na pampu inaendelea kupima dizeli ileile. Dizeli nyingi kwa hewa kidogo ni moshi mweusi. Dawa ni kusafisha filta ya hewa, kubadilisha oili ya bakuli lake kama ni la aina hiyo, na kushusha gia moja au kupunguza kina cha plau.

Dawa isiyo dawa ni kugeuza skrubu ya pampu iliyofungwa kwa waya na risasi. Skrubu hiyo inaweka kikomo cha dizeli. Ukiifungua ili kupata nguvu, kwenye mwinuko huu unaongeza moshi, joto na bili ya mafuta. Anayetaka nguvu zaidi Uyole kuliko ile injini iliyopewa anapaswa kuitafuta kwenye trekta kubwa zaidi.

Nozeli

Injini ikiwa kwenye sailensa, legeza nati ya bomba la nozeli moja kidogo, sikiliza, kaza, nenda nyingine. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Funika nati kwa kitambaa, vaa miwani, na usiweke kiganja mbele ya bomba au nozeli inayopuliza. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa nguvu inayokaribia mara 200 ya ile ya hewa ya kawaida, na mchirizi wake hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano na hakiumi sana mwanzoni, lakini dizeli iliyoingia ndani huozesha nyama. Aliyeumia ni wa hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo.

Nozeli ni ya kupimwa kwenye mashine ya mkono ya fundi. Kuipiga brashi ya waya kwenye ncha hupanua matundu.

Wenye injini za petroli

Wapo wachache wenye kabureta kweli: pampu za kumwagilia bustani, pawatila ndogo za petroli, na Ferguson za kijivu za petroli zilizotoka Coventry kati ya 1946 na 1956, kama umebahatika kuwa nayo. Hoja haibadiliki. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye kopo mbali na moto, ufungue koki. Petroli isipotiririka, kabureta haina kesi. Ikitiririka, fungua bolti ya chini ya bakuli la kabureta umwage maji na uchafu. Injini ikibaki kimya, jeti imeziba kwa gundi ya petroli iliyokaa tangu msimu uliopita. Isafishe kwa kupuliza na uzi laini wa shaba, si kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka injini itakula mafuta daima. Ikimwagika petroli bila kukoma, angalia boya lililotoboka au sindano yake. Msimu ukiisha, funga koki uiache injini ingurume mpaka izime yenyewe.

Ikibidi pampu itoke

Umepita yote, na dalili ni ya kugoma likiwa na moto. Sasa mlipe fundi pampu, mwenye mashine ya kupimia, wala si mwenye bisibisi tu. Kabla ya kuitoa, alama ipigwe kwenye flenji ya pampu na kwenye injini ili taimingi irudi palepale. Kila tundu, la pampu na la bomba, lizibwe kwa kifuniko safi mara tu linapofunguliwa. Mwombe fundi akuonyeshe vipimo vya kabla na vya baada, akurudishie vipuri vilivyotolewa, na afunge risasi yake upya.

Pampu ikiwa mjini, shughulikia tangi. Litoe, limwage, lisuuze kwa dizeli mpaka itoke safi chupani. Kama limetoboka lisipelekwe kwa mchomeleaji likiwa na mvuke ndani, kwa kuwa tangi tupu lililokuwa na mafuta hulipuka. Apewe mwenye kujua kulisafisha kwanza, au tafuta jingine. Weka mpira mpya, klipu mpya, filta mpya na washa mpya za shaba, safisha kijichujio cha pampu ndogo. Vyote vikiwa tayari ndipo pampu ifungwe na upepo utolewe kwa mpangilio uleule, kuanzia kwenye filta.